Shoki fupi ama ndefu kwa njia za Malindi?

Jamani, nataka baiskeli ya milimani ya kwenda Marafa na msitu wa Arabuko-Sokoke, nichukue ya shoki (springi za kupunguza mtikiso) zinazobonyea milimita 120 ama 160? Hii yangu haina shoki, nikirudi mikono yauma kweli.

— Chukua 120 kaka, huku kwetu tambarare na mchanga tele, 160 nzito halafu ukikanyaga pedeli yabonyea tu nguvu zapotea.

— Mimi sikubali sana, ukishuka mawe kwa kasi 160 ndiyo yashika njia, gurudumu halirukiruki. Lakini Arabuko, sawa, fupi yatosha.

— Anza na tairi pana, upepo punguza kidogo, kwenye mchanga utaona tofauti kubwa kuliko hizo milimita.