Sanamu ya Joe Paterno irudishwe au ibaki huko ilikofichwa?

Wadau, kuna watu mpaka leo wanataka sanamu ya Joe Paterno irudishwe nje ya uwanja wa chuo cha Penn State kule Pennsylvania, Marekani, na hoja yao kubwa ni kwamba mzee alipewa taarifa za msaidizi wake wa zamani kumdhalilisha mtoto, akaipeleka kwa bosi wake, sheria ilitaka hivyo, sasa kosa lake liko wapi? Hiyo hoja mimi siinunui.

Kwa wasiomjua, ni kocha wa ile futiboli ya Kimarekani ngazi ya vyuo, kaingia pale 1950 kama msaidizi, akawa kocha mkuu 1966 hadi 2011, kashinda mechi 409 na ubingwa wa taifa mara mbili, 1982 na 1986. Wachezaji wake aliwabana wasome kwelikweli, na yeye na mkewe walitoa mamilioni ya dola kwa chuo mpaka maktaba ina jina lao. Hapo sina ubishi.

Sasa njoo 2001. Kijana mmoja wa benchi la ufundi anamfuata mzee nyumbani, anamwambia nimemkuta Jerry Sandusky bafuni na mtoto na nilichoona ni kitu kichafu. Sandusky alikuwa msaidizi wa Paterno miaka na miaka, kastaafu 1999 lakini majengo ya timu bado anaingia anavyotaka, na ana taasisi yake ya kusaidia watoto (hebu fikiria!). Paterno akamwambia Tim Curley, mkurugenzi wa michezo, basi, ikaishia hapo, polisi hawakuitwa na Sandusky akaendelea kula bata mpaka Novemba 2011 alipokamatwa, 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 ya kudhalilisha watoto kingono.

Halafu mnaniambia "bosi wake". Bosi gani? 2004 timu ikiwa hoi, rais wa chuo pamoja na huyohuyo Curley walimfuata kwake kumshawishi astaafu, akawagomea, na hawakumfanya kitu, akaendelea kufundisha miaka mingine saba. Yaani kwenye kibarua chake hana bosi, ila kwenye mtoto ndo anakumbuka kuna bosi?

Chuo kumfukuza Paterno kwa simu usiku kashfa ilipolipuka 2011, baada ya miaka 61 kazini, sawa, ule ulikuwa ukosefu wa adabu, na mzee akafariki Januari 2012 hata miezi mitatu haijaisha. Na ule ushindi wa mechi 111 ambao NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani) ilimfutia 2012 kwa kashfa hiyo ikamrudishia 2015, mi naona walifanya sawa kurudisha, wale vijana walicheza wakashinda, wao Sandusky aliwahusu nini? Lakini rekodi ni hesabu, sanamu ni kumwambia mtu heshima yako, na waathirika wengine kwao ni hukohuko.

Anayetaka irudi anijibu hili tu: mji mzima ule, nani angethubutu kumzuia Paterno kuinua simu akapigia polisi?