Drosera yangu hainati tena, naombeni ushauri

KopoLaBarazani: Wakuu, heshima kwenu. Nina drosera, ule mmea unaonasa wadudu kwa vitone vya ute kwenye majani. Ni aina ya capensis, nililetewa kutoka Cape Town. Ilifika inameta, sasa vitone vimetoweka na ncha zinageuka kahawia. Iko sebuleni Tabata, naimwagilia maji ya bomba yaliyochemshwa. Jirani anashauri samadi kidogo. Niweke? Na nikiilisha nyama je?

MzeeWaMiche: Samadi usithubutu. Kwao inaota penye majimaji pasipo na rutuba, nitrojeni inaipata kwa wadudu. Mizizi haivumilii mbolea wala chumvi, na hapo ndipo maji yako yanapoiumiza. Kuchemsha kunaua vijidudu tu; chumvi inabaki, tena inakolea kadiri maji yanavyopungua. Kinga maji ya mvua, baada ya mvua za mwanzo kuosha vumbi la bati. Ya dukani mengi yameongezwa madini.

Spana14: Mvua zikikata kuna maji ya betri, yale yaliyotoneshwa yasiyo na chumvi. Soma lebo mara mbili mkuu, duka hilohilo linauza na asidi.

KopoLaBarazani: Shukrani. Nimeiotesha kwenye unga wa makumbi ya nazi, kuna shida?

MzeeWaMiche: Kumbe! Makumbi huwa na chumvi, hasa yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya usumba. Yaoshe kwa maji ya mvua, umwage, urudie mara kadhaa. Bora zaidi ni piti (mboji ya kinamasi) na mchanga wa mtoni uliooshwa, ila piti ya vitalu mara nyingi imeshachanganywa mbolea, uliza kabla hujalipa. Kopo likae kwenye sahani yenye maji sentimita 1 au 2. Halafu itoe sebuleni, ute hauji bila mwanga mkali. Anza na jua la asubuhi, uongeze taratibu.

DadaKijani: Nyama acha. Darwin aliilisha drosera nyama, yamo kwenye kitabu chake cha 1875, lakini vilikuwa vipande vidogo mno. Cha kwako kitaozesha jani. Inzi mdogo wa kwenye ndizi anatosha, utaona jani linavyomkunja.

Spana14: Mbu je, inamaliza?

DadaKijani: Nunua chandarua, ndugu yangu.

KopoLaBarazani: 😂 Majani haya yaliyokauka yatarudisha ute?

MzeeWaMiche: Hayo basi tena, kata yakishakufa kabisa. Tazama yanayochipua katikati. Yakitoka na vitone, maji yamekubali.