Mfarishi wa Bibi: gumzo la kikundi cha familia

Rehema: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Leo nimepita nyumbani Magomeni kumsaidia ma'mdogo kupanga chumba cha uani, tumefungua lile sanduku la bati na mfarishi wa bibi umo, ule wa kushonwa viraka. Natuma picha ila hali yake mmh

Rehema: [picha 4]

Mjomba Shabani: Lahaula

Salma: Jamani huo si ndo tulikuwa tunatandikiwa chini wajukuu wote sikukuu ya Idi 😭

Hamisi: Umekuwa kama chapati ya juzi

Mama Mkubwa Mwajuma: Marahaba Rehema. Msiukunje tena hivyo ulivyo, utandazeni kitandani, na feni zimeni, maana ndani mle ni usufi na usufi ukishazeeka unakuwa vumbi tupu.

Rehema: Too late mamkubwa, ma'mdogo kapiga chafya mpaka kahama chumba 😂

Salma: Mi nna wazo msinipige mawe. Nimeona mtu mtandaoni kachukua kama huu akaukata, katoa foronya za mito ya kochi, pochi, mpaka mdoli wa mtoto. Sisi wajukuu tuko wengi, kila mtu akipata foronya moja si tutakuwa nao wote kuliko ukae kwenye sanduku unaliwa na mende na hakuna anayeuona

Mama Mkubwa Mwajuma: Mkasi hauingii pale.

Salma: Shangazi nimesema wazo tu

Mama Mkubwa Mwajuma: Nami nimelisikia. Salma unajua kilichomo mle? Hicho chekundu kwenye picha ya pili ni kisutu changu cha harusi, mama alikata pande moja la doti akaniachia lingine. Vile vya maua ya bluu ni mabaki ya Urafiki, baba yenu mkubwa mnayemwita babu aliingia kile kiwanda 1968 kilivyofunguliwa, kile Wachina walichotujengea pale Ubungo, akawa anarudi na vipande vilivyokosewa rangi. Kijani ni kanga ya chama. Na kile cha njano cha pembeni ni cha jando la Shabani.

Mjomba Shabani: Kumbe mi nimo humo 😎

Hamisi: Shangazi "baba yenu mkubwa mnayemwita babu" ndo nini tena 😂😂

Mama Mkubwa Mwajuma: Hamisi we soma kwa akili, simu inaandika inavyotaka.

Tatu Fundi: Nimetoka kwa mteja ndo naona. Rehema nipigie picha ya karibu ya ule mraba wenye nakshi ya korosho, tumia tochi ila imulike kwa ubavu sio kwa juu, nataka nione nyuzi

Rehema: [picha]

Tatu Fundi: Haya basi. Hapo nyuzi za wima zimekwisha zimebaki za kulala tu, ndo maana panaonekana kama pana michirizi. Hapo ukipiga cherehani meno ya chini yanavuta panachanika pote, na ukishona na uzi wa nailoni ndo umeua kabisa maana uzi unakuwa mgumu kuliko kitambaa, unakikata taratibu kama waya. Ni sindano ya mkono na uzi wa pamba mwembamba, unaweka kiraka kwa chini cha kanga kuukuu iliyolainika, unapiga bandi, mishono ya mkono ndogo ndogo, ukianzia pale kitambaa bado kizima. Kanga mpya sitaki, ina dondo na ikifuliwa inarudi, itavuta yale ya zamani yote yakae makunyanzi

Salma: Na pale palipobaki kama utando?

Tatu Fundi: Pale unafunika kwa juu na neti, ile laini ya shela la bibi harusi, Kariakoo inauzwa kwa mita. Ukichagua rangi inayokaribiana huioni mpaka usogee. Ila chandarua cha mbu chenye dawa mtu asiniletee, huo mtu atajifunika

Hamisi: Si tuupeleke dobi kwanza usafishwe?

Tatu Fundi: Hamisi nitakuja Kigamboni nikupige. Usufi haupendi maji, ukilowa unajikusanya mabonge na kwenye unyevu wa Dar hii mpaka ukauke ndani ukungu umeshaota. Usufi unatoka kwanza. Halafu ndo tunafua vitambaa, na kabla ya hapo unachukua kitambaa cheupe kibichi unakandamiza juu ya kile chekundu, kikitoa rangi basi hatuloweki, tunapangusa tu. Kisipotoa, beseni kubwa, maji baridi, sabuni ya maji kidogo, hamna jiki, hamna kusugua, hamna kukamua. Kuinua tunainua na shuka limetandikwa chini yake, maana uzito wa maji peke yake unaweza kuupasua. Unaanikwa bapa kivulini, sio kwenye kamba

Mjomba Shabani: Huyu mtoto angesomea udaktari

Ma'mdogo Asha: Usufi mkitoa tokeni nao nje na mvae barakoa, mi bado kifua kinaniwasha. Na ndani mnarudishia nini? Maana Magomeni hii mwezi wa pili nani analala na kitu kizito

Tatu Fundi: Ndo nilikuwa nafikia hapo ma'mdogo. Shuka kuukuu la flaneli linatosha, unakuwa mwepesi na unafulika. Bitana ya nyuma ni merikani, hiyo naona bado ngumu haijambo

Salma: Sawa ila bado sijajibiwa. Tukishautengeneza unakaa kwa nani? Maana hapo ndo ugomvi unapoanzia tusijifanye hatujuani

(Mjomba Shabani ametuma sauti, dakika 3)

Hamisi: Ba'mdogo andika bana niko kwenye mwendokasi

Mjomba Shabani: Nimesema ukae hapohapo nyumba ya familia na mwenye harusi au uzazi anauchukua anarudisha

Rehema: Subirini. Nimefumua pembeni kidogo nitoe usufi kama Tatu alivyosema, angalieni hii. Chini ya kile kiraka cheusi na cheupe kuna kiraka kingine, na chini yake kuna kingine cha kaniki

Rehema: [picha]

Mama Mkubwa Mwajuma: Hicho cha juu ni kanga ya maombolezo ya Mwalimu, 1999. Nilikuwepo anakishona, paliungua na pasi. Mama alikuwa haachi, pakitoboka anaziba na alichonacho.

Tatu Fundi: Basi mfarishi ule alioushona mwanzo hata bibi mwenyewe alikuwa hanao tena, alikuwa anaubadilisha kila mwaka. Mamkubwa kwa heshima zote, naomba ruhusa ya mkasi sehemu moja tu. Ile safu ya chini yote ya miguuni imeoza, hata neti haitashika. Niitoe, mfarishi upungue urefu kama mkono mmoja, nipige pindo upya. Vipande vitakavyopona kwenye hiyo safu vitatoka foronya mbili, Salma achukue moja

Salma: 🥹 nimekubali kabla hajajibu

Mama Mkubwa Mwajuma: Kisutu changu kiko safu gani?

Tatu Fundi: Katikati kabisa mamkubwa, hakiguswi

Mama Mkubwa Mwajuma: Basi kata. Ila nitakuwepo.

Hamisi: Mi natoa hela ya uzi na neti, Tatu niambie kiasi. Na mkimaliza msiuweke kwenye mfuko wa plastiki

Tatu Fundi: Umeongea la maana leo. Unaviringwa kwenye shuka jeupe la pamba, unatolewa nje mara mojamoja upate hewa na unakunjwa pengine, ukikunjwa palepale miaka yote ndo unakatikia kwenye mkunjo. Jumamosi nakuja na mwendokasi asubuhi, ma'mdogo naomba chai tu

Mjomba Shabani: Sasa Tatu hicho kipande cha jando langu kinaangukia safu ipi

Tatu Fundi: Ya chini mjomba

Mjomba Shabani: Ya miguuni???

Mama Mkubwa Mwajuma: Ulikuwa unaukojolea, ulitaka mama akuweke kichwani?

Hamisi: 😂😂😂😂 nimeshushwa kituo sicho