Naomba ushauri: watu wanapakua faili la zamani wakati nimeshaweka jipya

Wakuu, habari zenu. Nina mfumo unaotoa ripoti ya PDF kila wiki, na jina la faili ni lile lile: ripoti.pdf. Juzi nimeweka mpya, lakini watu wakibofya kupakua wanapata ya wiki iliyopita. Mmoja ameingia nayo kikaoni na takwimu zilizopitwa. Imeniuma sana.

Nimeangalia kwenye Chrome, faili linatoka kwenye kache ya diski, yaani nakala ambayo kivinjari kilihifadhi kwenye kompyuta. Ombi halifiki seva kabisa. Kucheki heda (maelekezo ambayo seva hutuma pamoja na faili) nikakuta Cache-Control: max-age=31536000, yaani mwaka mzima! Iliwekwa kwa ajili ya picha, ikazoa na PDF. Nimeweka no-cache pamoja na ETag (alama ya toleo la faili), ili kivinjari kiulize kwanza, na kama hakuna kilichobadilika seva ijibu 304, yaani "halijabadilika, tumia nakala uliyo nayo". Watumiaji wapya wako sawa.

Kazi ipo kwa waliopakua kabla. Siwezi kumwambia kila mtu afute kache. Niongeze ?v=2 kwenye kiungo ili kivinjari kikione kama kiungo kipya, au jina la faili libadilike kila wiki? Na wale waliohifadhi kiungo cha zamani nawafikiaje? Kuna aliyewahi kutumia heda ya Clear-Site-Data (inayokiagiza kivinjari kifute data ya tovuti kilichohifadhi) ikamsaidia?