Mjadala: Dereva akifikisha miaka 70, apimwe upya ndipo ahuishiwe leseni?

Mleta mada
Wakuu, salamu. Baba yangu ana miaka 76 na ameanza kuendesha enzi za Peugeot 504. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Moshi, nikakuta saitimira ya kushoto imefungwa kwa selotepu na nguzo ya geti imepata rangi ya gari. Kumuuliza, akasema fundi alilibana mno lile geti. Geti lina miaka ishirini.

Jioni akanipakia twende msibani. Lori likatumulika taa fulu, baba akakanyaga breki akasimama katikati ya barabara. "Namsubiri apite." Nyuma yetu Hiace ilituponea chupuchupu.

Leseni yetu ina uhai wa miaka mitano. Kwa mtu wa 76, miaka mitano ni mingi. Nasema ukifika 70, kila mwaka upimwe macho, ukishindwa uache usukani. Karibuni.

Dereva Mstaafu
Mwanangu, nina miaka 72, nimeendesha basi miaka 31. Wanaotanua na kuovateki kwenye kona si wazee, ni wa rika lako. Mimi usiku sishiki usukani tena, na hakuna trafiki aliyenikataza, nimejipangia mwenyewe. Mwenye busara anajua mwili wake. Halafu nikuulize: macho yako wewe ulipimwa lini?

Nesi wa Macho
Mzee ana haki ya kuuliza hivyo, ila hapo kwenye "anajua mwili wake" nampinga. Niko kliniki ya macho, nayaona kila wiki.

Huyo baba anayepigwa upofu na taa za lori namshuku mtoto wa jicho. Lenzi ikishaingia ukungu, mwanga unatawanyika ndani ya jicho, mtu haoni kitu hadi gari lipite. Hilo lina dawa: anafanyiwa upasuaji, lenzi inabadilishwa, na wengi wanarudi kuona vizuri. Kumnyang'anya funguo kabla ya kumpeleka kliniki ni uonevu.

Mwenye kututisha ni presha ya macho. Haiumi. Inakula pembeni taratibu, katikati panabaki safi, kwa hiyo mgonjwa anasoma herufi za ukutani bila shida kisha anatoka nje na hamwoni mtoto anayekatisha kutoka kushoto. Ukimuuliza anakuapia anaona vizuri, na wala hadanganyi! Kwa hiyo mleta mada, kipimo cha herufi peke yake hakitoshi.

Na mengine hayahusu macho. Shingo haigeuki, basi kurudi nyuma ni kubahatisha, pengine ndiyo siri ya lile geti. Dawa za mafua zinazoleta usingizi. Mwenye kisukari anayechoma insulini akaondoka bila kula.

Mbongo wa Leicester
Huku Uingereza leseni inakoma ukifika 70, kisha unaihuisha kila miaka mitatu kwa kujaza mwenyewe kwamba u mzima. Januari 2019 Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, akiwa na miaka 97, aliingia barabara kuu karibu na Sandringham akagongana na gari lenye wanawake wawili na mtoto mchanga. Alieleza kuwa jua lilimpiga machoni. Mwezi uliofuata akarudisha leseni. Japani ndiyo wakali: kuanzia 75 wanapima hadi kumbukumbu. Hata hivyo Aprili 2019, pale Ikebukuro, Tokyo, mzee wa 87 alikanyaga mafuta akidhani breki, akaua mama na binti yake wa miaka mitatu. Kwa hiyo kipimo kisitufanye tulale usingizi.

Wa Ludewa
Ninyi mna mabasi. Dar hadi Dodoma mmepata treni ya umeme tangu 2024, mzee anakaa kwenye kiti chake na kikapu chake hadi anafika. Huku kwetu ukimnyang'anya baba funguo, kesho yuko nyuma ya bodaboda, nyonga mbovu, kofia ngumu hana, anakwenda kufuata dawa za presha. Mmemwokoa na nini? Mifupa ya mtu wa 76 ikivunjika si kama ya kijana. Kabla ya sheria, semeni mzee atasafiri na nini.

Mleta mada
Shikamoo mzee Mstaafu. Umenishika pabaya, macho yangu sijawahi kupima hata siku moja. Hoja ya umri naiondoa: wapimwe wote wanaohuisha, na pembeni papimwe kama dada Nesi alivyosema. Wa Ludewa, kwako sina jibu.

Ila hili la kujipangia bado silikubali. Baba naye huapa kwamba usiku haendeshi. Lile lori lilitukuta saa moja na nusu, giza limeshaingia, na kwake ile ilikuwa bado jioni.