Nyumba za kale za wakulima Uingereza: unabanwa usiguse nyumba yako, halafu ukiikarabati unakatwa VAT. Ni haki?

Wakuu naomba tulijadili hili. Kuna watu wanasema ile sheria ya Uingereza ya 1990 ya majengo ya kihistoria ni uonevu, yaani nyumba umenunua kwa hela yako ya jasho halafu ukibadilisha madirisha bila kibali unaweza kushtakiwa kwa jinai. Mi naona kwenye kutunza wako sahihi kabisa, kwenye hela ndo serikali imechemka.

Chukueni zile nyumba za Kent na Sussex, kusini mashariki mwa Uingereza, za miaka ya 1400. Kuna moja inaitwa Bayleaf, ilikuwa kijiji cha Chiddingstone huko Kent, ikafunguliwa kipande kipande kupisha bwawa la maji la Bough Beech na leo iko makumbusho ya Singleton huko Sussex. Fremu yote ni mwaloni, ukuta ni fito zimesukwa zikakandikwa udongo, na ukumbi wa katikati uko wazi mpaka paani maana moto ulikuwa unakokwa sakafuni, hakuna dohani, moshi unajitafutia njia wenyewe huko juu. Nyumba nyingi za aina hii dohani na ghorofa viliongezwa miaka ya 1500, ukipanda darini unakuta mbao za paa bado nyeusi tii kwa masizi ya moto wa watu wa zamani hizo.

Sasa nyumba ya hivyo ukiipiga plasta ya saruji umeiua. Chokaa inaachia unyevu ukuta unakauka, saruji ikipata ufa mdogo tu maji yanaingia hayatoki, yanashuka mpaka boriti ya chini inayobeba fremu nzima, kwa nje unaona ukuta mweupe msafi ila ukichoma bisibisi kwenye mbao inazama kama kwenye mkate. Hata kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe Zanzibar zinaharibika hivyohivyo kwa saruji. Ndo maana kibali lazima kiwepo.

Kinachoniuma ni kodi. Nyumba mpya ikijengwa kwa kawaida VAT ni sifuri, ukikarabati ya miaka 600 asilimia 20, na ule msamaha uliokuwepo kwa mabadiliko yenye kibali wakaufuta Oktoba 2012. Mtu wa kipato cha kawaida hapo afanyeje kama sio kuita fundi wa saruji kimyakimya?

Mi nasema kazi ya chokaa na mwaloni kwenye nyumba hizi ifutiwe VAT, kibali kibaki palepale. Mnaotaka kibali kifutwe karibuni, ila mje na jibu la ile boriti ya chini.