Soko la Kenya, Lubumbashi: tunauziwa kuku wa mayai wa mabandani kwa bei ya kuku wa kienyeji

Ndugu wafugaji, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Muuzaji mmoja wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) aliniuzia mitetea ya rangi ya hudhurungi, akaapa kwamba ni kuku wa kienyeji waliotoka vijijini upande wa Kasenga, na bei aliyonitoza ilikuwa ya kienyeji kwelikweli. Nilipowafungua kamba za miguu nyumbani Katuba nikaona midomo yao imekatwa ncha, wote. Ni mama gani wa kijijini anayekata midomo ya kuku wake? Kazi hiyo hufanywa kwenye mabanda makubwa ya kuku wa mayai, ili ndege waliobanana wasidonoane.

Wanataga, sikatai, tena wanataga sana, ila hakuna hata mmoja aliyeatamia. Kuku wa mayai wa aina ya ISA Brown na wenzake wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili watage mayai yapatayo 300 kwa mwaka, na kwa kuwa kuku anayeatamia huacha kutaga, tabia hiyo imepunguzwa hadi ikakaribia kwisha. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, lakini huyalalia siku 21, akaangua, akalea vifaranga vyake bila mashine wala umeme (na umeme wa mtaani kwetu mnaujua). Hicho ndicho nilichokilipia. Hata nikiwatafutia jogoo na kuazima kuku wa jirani aatamie, hawa ni chotara, na watoto wao hawatakuwa na sifa za mama.

Najua atatokea mtu wa kuniuliza kama mayai 300 si bora kuliko 50. Ni bora kwa mwenye uwezo wa kumpa kila kuku gramu zipatazo 110 za chakula kamili kwa siku, chenye chokaa ya kutosha kwa ajili ya maganda, katika mji ambao bei ya mahindi hupanda kila Zambia inapoyazuia kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Ukimwachia ajitafutie uani, atakonda na maganda yatakuwa laini. Simsifu kuku wa kienyeji kupita kiasi, kwani ugonjwa wa kideri humaliza kuku wa kijiji kizima pale ambapo chanjo ya matone ya jicho hairudiwi kila baada ya miezi mitatu au minne. Kila kuku ana kazi yake, na mfugaji ana haki ya kujua analipia ipi.

Nilipomrudishia muuzaji huyo kuku mmoja nikamwonyesha mdomo, alinijibu kwamba kuku ni kuku. Basi nataka anirudishie tofauti ya bei, na nataka wakuu wa soko wamlazimishe kila muuzaji kutaja aina ya kuku, mahali alikokuzwa na chanjo alizopewa. Nanyi mliouziwa kuku wa namna hii, andikeni hapa mlilipa kiasi gani na mliahidiwa nini, ili tuwapelekee wakuu wa soko malalamiko yote kwa pamoja.